Kikao Kilichousingizia Umeme

Wanawake wa mtaani kwangu hapa Malindi, Unguja, hawachoki kuniuliza. "Bi Mwanakheir, wale watoto uliowaweka juu ghorofani wanafanya nini kutwa nzima? Hawashoni, hawauzi, hawapiki, na taa zinawaka." Nshachoka kujibu kwa mdomo, nnaandika. Mkono wangu mzito. Kuandika nilijifunza nikiwa mtu mzima, katika kisomo cha jioni, na sikumaliza, kwa sababu mwalimu alinisahihisha kwa sauti ya juu mbele ya wanawake wenzangu. Nikachukua mtandio wangu nikaondoka. Walinifuata nyumbani kunibembeleza, sikurudi. Kwa hivyo atakayeona herufi zimepinda asinambie.

Nnayetaka kumweleza ni Tahiya, mjukuu wa dada yangu. Mama yake ni wa Tumbatu, akamleta kwangu mdogo ili asome mjini. Msichana mrefu, mkimya, akisema na wewe anatazama vidole vyake. Nilimlea mimi. Nilimfunza asipite katikati ya watu wazima wanaozungumza, asipaze sauti ngazini, na mtu mzima akiteleza, wewe mdogo unamfunika, kama unavyofunika kawa sahani ya mtu aliyechelewa kurudi. Hufunui, huulizi. Hayo alishika yote. Wakija wageni walikuwa wananiambia, huyu mtoto umemlea, na mimi nnaitikia bila kuona haya, kwa sababu ni kweli.

Kompyuta hakufunzwa na mimi. Alifunzwa na Maalim Mbarouk wa Kikwajuni, aliyekuwa na chumba kimoja cha masomo na mashine kuukuu zilizokuwa zinanguruma kama jokofu. Tahiya alikuwa anabaki wenzake wakiondoka, mlango wazi, mke wa Maalim anashona hapo hapo, na Maalim anamwacha abonyeze mpaka maghribi. Hakumgombeza hata siku moja. Baadaye watoto wote wakawa na simu, chumba kikakosa wanafunzi, Maalim akakifunga. Na Tahiya akakua, akawakusanya wenzake, wakapata kazi. Alipoipata tu, mtu wa kwanza aliyemwendea kumwita ni Maalim wake.

Basi ikawa mwanafunzi ndiye kiongozi na mwalimu yuko chini yake. Mwalimu ana mvi, na bado anamwita Tahiya "binti yangu", na Tahiya anamwita "Maalim". Kisa chote kimeanzia hapo.

Kazi yenyewe ni hii. Bwana Haroub ana boti ya mizigo inayokuja na kwenda Dar. Zamani mtu akitumiwa mzigo alikuwa anashuka bandarini kila siku kuuliza, umefika, haujafika. Kina Tahiya wakatengeneza programu, mzigo ukishushwa na kuingia ghalani, hapa au Dar, mwenyewe anapata ujumbe kwenye simu. Anakuja mara moja, anachukua, anakwenda zake. Watu wa shamba waliifurahia sana, maana nauli ya kuja mjini bure inauma.

Wako wanne: Tahiya, Maalim, Suhail mwenye mdomo, na Biasha ambaye ni mdogo wao na hasemi ila akiulizwa. Hawafanyi kazi yote kwa mpigo mmoja. Wanaikata vipande vya wiki mbili, na kila kipande kikimalizika wanakaa Alkhamisi baada ya alasiri kutazama nyuma: lipi limekwenda vizuri, lipi limetusumbua, lipi tutajaribu. Wao wanakiita retro. Walitaka kubandika vikaratasi vyao kwenye ukuta wangu wa chokaa, nikakataa, gundi itabandua. Nikawapa kamba ya kuanikia na vibanio vya nguo. Kila Alkhamisi Suhail anasema, "Haya jamani, tuanike. Nani ana chafu?" Na kila mara wanacheka kana kwamba hawajaisikia.

Kabla ya kuanza Tahiya anawakumbusha masharti, kwa ile sauti yake ndogo. Kila mmoja aamini kuwa mwenzake alifanya alivyoweza. Hapa haulizwi nani, panaulizwa nini. La humu halitoki. Mimi nnakaa mlangoni nakata tungule za mchuzi au nachambua mchele. Nyumba yangu, hakuna wa kuniambia nisikae.

Mwanzo wa mwaka, mizigo ya samaki ya wanawake wa kaskazini ikafika Dar na wapokeaji wao hawakupata ujumbe. Barafu ikayeyuka. Samaki wakatupwa. Alkhamisi ile nilidhani nitasikia makubwa. Wakaandika, wakaanika, Tahiya akasoma: umeme. Kikaratasi cha pili, umeme. Cha tatu, umeme ulikatika. Cha nne kilisema umeme na mtandao.

"Alhamdulillahi tumekubaliana," Suhail akasema. "Na uzuri wa umeme hauna mama wa kuja kututukana ngazini."

Wakacheka mpaka Biasha akashika mbavu. Maalim alicheka kuliko wote, akafuta macho kwa leso. Wakaamua wanunue betri kubwa. Wachukuzi wawili waliipandisha kwenye ngazi zangu wakikwaruza ukuta, na mimi nikawapigia kelele, na ikakaa pale ukumbini kama mgeni asiyeondoka.

Lakini walikuwa wanajua. Hata mimi wa kukata tungule nilijua. Makarani wa bandarini wakipata tatizo, hawapigi simu kwa Tahiya, wanampigia Maalim, kwa sababu nusu yao aliwafunza yeye. "Maalim, tusaidie, ujumbe unatoka mara mbili mbili, watu wanalalamika." Maalim hawezi kumwambia mtu ngoja. Hapo hapo alipo, nyumbani kwake, anaingia kwenye programu inayofanya kazi, anazuia ujumbe usitoke, anarekebisha, halafu anafungulia. Hamwambii mtu. Siku ile ya samaki aliuzuia, akajiwa na mgeni, akasahau kufungulia. Asubuhi alipokumbuka akafungulia kimya kimya, na programu yenyewe inaonyesha mkono wa nani umeigusa. Suhail alikuwa ameona. Biasha ameona. Tahiya ameona kabla yao.

Nani wa kumwambia? Suhail alimuita Tahiya jikoni kwangu, nilikuwa nasonga ugali.

"Dada, wewe ndiye kiongozi."

"Na wewe ndiye mwenye mdomo," Tahiya akamjibu.

"Mdomo wangu wa mzaha. Huu si mzaha. Mtu mwenyewe kanifunza kuwasha kompyuta, nimwambie umekosea, mbele ya Biasha?"

Tahiya akanigeukia. "Bibi, wewe unasemaje?"

Nikamwambia ninavyoamini: mtu mzima hasahihishwi mbele ya watoto. Atajirekebisha mwenyewe, mpe nafasi. Sikuona tabu kusema hivyo. Nilikuwa nauona mlango wa kile kisomo.

Mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, harusi ni nyingi. Siku moja asubuhi akaja mwanamke mmoja kutoka Mangapwani, akasimama chini ya ngazi. Tahiya akashuka. "Shikamoo, mama." Yule mwanamke hakuitikia. Nilisikia kwa masikio yangu, shikamoo imebaki hewani, na kwetu sisi hilo si jambo dogo.

"Wewe ndiye mwenye ujumbe wa simu?"

"Naam, mama."

"Sanduku la mwanangu lilitoka Dar na nguo zake zote za harusi. Nilikwenda bandarini, nikaambiwa rudi nyumbani, likifika utapata ujumbe. Nikarudi. Nikaishika simu kama tasbihi. Watu wamejaa, bibi harusi wangu katolewa na nguo ya kuazima kwa binti wa jirani, imemwishia hapa." Akaonyesha muundi wake. "Na mwenye nguo alikaa mstari wa mbele, anaitazama nguo yake. Jana ndiyo ujumbe umekuja. Sanduku lilikuwa ghalani siku zote hizo."

Hakutukana. Lau angetukana ningeshuka nimjibu, mimi nnaweza. Alisema hayo tu, akafunga buibui vizuri, akaondoka. Tahiya alibaki chini ya ngazi amekishika kishikio cha ngazi. Umeme ulikuwa haujakatika wiki nzima ile. Na betri ipo juu, mpya, inatoa kijitaa cha kijani.

Jioni Bwana Haroub akapiga simu. Hakuwa mkali, na hiyo ndiyo mbaya. "Tahiya, sikukuu inakuja, mizigo itakuwa mara tatu. Nimekustahi mara mbili. Ikitokea tena kabla ya Idi, hii kazi nnawapa watu wa Dar, usinilaumu."

Alkhamisi ikafika. Hakuna aliyesema tuanike. Vikaratasi vilikaa mezani. Suhail aliandika "mtandao", akakiangalia, akakiweka chini ya gilasi ya chai. Biasha aliandika kitu akakigeuza. Maalim alikuwa anatazama sukari inavyoyeyuka, uso umempauka. Naona, na namwambia aliyesoma mpaka hapa, kuwa alikuwa amejiandaa kusema. Alishavuta pumzi. Alishaweka kijiko.

Tahiya akamtangulia.

"Ni mimi," akasema. "Niliuzuia ujumbe nikasahau kufungulia. Nisameheni."

Sauti ya boti ikasikika kutoka bandarini. Mimi kule mlangoni nikajivuna, nikasema moyoni, mtoto kalelewa huyu, kambeba mwalimu wake mgongoni.

Suhail akauliza, akitazama meza, "Basi tutajaribu nini?"

"Mimi nitakuwa mwangalifu zaidi," Tahiya akasema.

Ndipo Biasha, yule asiyesema, akasema polepole, "Utakuwa mwangalifu na nini, dada?" Mtu aliyebeba kosa lisilokuwa lake anawezaje kulirekebisha? Wakaandika hivyo hivyo, kiongozi awe mwangalifu, wakakianika. Kikao kikaisha kabla chai haijapoa.

Maalim alipokuwa anatoka akasimama mlangoni kwangu. Nikamkaribisha, akakataa kukaa.

"Bi Mwanakheir, yule mtoto kwa nini kasema ni yeye?"

"Anakustahi, Maalim."

"Ananistahi." Akavaa kiatu kimoja, akasimama nacho. "Nimekaa mbele ya watoto watatu wanaojua, na wanajua kuwa mimi najua, na wote wananitazama nikifunikwa kama mtoto aliyekojoa. Nani kamfunza hivyo?"

Nikamwambia ni mimi. Akaniangalia kidogo, akavaa kiatu cha pili, akashuka bila kusema kwaheri. Mtu mpole kama yule.

Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Simu haipokei. Ramadhani ikaingia. Tahiya akawa anafuturu tende moja na maji, anainuka. Nikamgombeza, kula, una kazi. Akaniambia, na hajawahi kunijibu tangu nimlee: "Bibi, ulinifunza kumfunika mtu. Hukunifunza kumwambia."

Nilikasirika. Nikamwambia sikukufunza kwa sababu na mimi sikufunzwa, na nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vishaoshwa. Lakini usingizi haukuja vizuri. Alasiri ya pili yake nikavaa buibui, nikamwambia twende Kikwajuni. Kwetu kijana haendi peke yake kumtaka radhi mtu mzima, anakwenda na mkubwa wake, ili yule akitaka kukasirika amkasirikie mkubwa. Tahiya akataka tukodi gari kwa ajili ya goti langu. Nikakataa. Tulikwenda kwa miguu, Darajani, tukapita majumba ya Michenzani, mimi nnachechemea na saumu mdomoni, na nilitaka nichechemee.

Mke wa Maalim, Bi Mwanamwema, alitufungulia. Cherehani yake ipo pale pale, na zile mashine kuukuu zimefunikwa shuka ukutani. Maalim alikuwa amekaa kwenye mkeka na msahafu. Aliufunga, akaubusu, akauweka juu. Tahiya akamwamkia, akaitikia marahaba, kwa adabu tu.

"Nimekuja kukutaka radhi, Maalim."

"Kwa lipi?"

"Kwa kusema uwongo mbele yako."

"Si hilo," Maalim akasema. "Lilikuwa kosa langu. Umelichukua bila kuniomba. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, binti yangu. Ulipolichukua, nikabakia na nini? Nikabakia na woga tu."

Nikataka kuingilia, kwamba kosa la malezi ni langu, nilaumiwe mimi. Akaniinulia mkono, polepole, kama alivyokuwa akiwafanyia wanafunzi wake. "Wewe ngoja, Bi Mwanakheir." Nikangoja. Sijazoea.

"Niambie sasa," akamwambia Tahiya. "Lile uliloogopa kuniambia mbele ya wenzako."

Tahiya akatazama vidole vyake. Halafu akainua uso, na niliona kazi aliyoifanya kuuinua. "Wa bandarini wakikupigia simu, unaigusa programu peke yako inapofanya kazi, na hutwambii. Si mara moja, Maalim. Ni kawaida."

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu samaki."

"Na mkaandika umeme."

"Tukaandika."

"Mkacheka."

"Tulicheka."

Maalim akatikisa kichwa. "Na mimi nikacheka kuliko nyote. Nilidhani hamjui. Nikasema, Mungu kanisitiri kwa umeme." Akajifuta uso kwa kofia. Alikuwa anaona haya mpaka masikio yamemwiva, na sisi tulikuwa tunaona haya ya kumwona, na hapana aliyejua aweke wapi macho.

Bi Mwanamwema akasimamisha cherehani. "Na betri mkanunua?"

"Tukanunua," Tahiya akasema.

"Kubwa?"

"Kubwa sana, mama."

Yule mwanamke akageuza uso ukutani, mabega yanamtikisika. Mumewe akamtazama, na yeye akashindwa, akacheka kicheko kidogo kikavu. Sisi hatukucheka. Tulisubiri maghribi, wakatufuturisha, na Tahiya akala.

Alkhamisi iliyofuata Maalim akaja. Tahiya alikibadilisha kikao. Alisema kwanza kila mtu aandike kimya, asitazame cha mwenzake. Kisha asome mdogo kabla ya wakubwa, na yeye kiongozi awe wa mwisho, ili watu wasimfuate anavyosema. Na akasema, "Neno umeme leo halianikwi, ila na aliyekaa gizani kweli." Suhail akasema basi yeye hana la kuandika, na safari hii alicheka peke yake.

Biasha akasoma cha kwake. Kilikuwa kile alichokigeuza siku ile, alikiweka. Kilisema: tunajua na hatusemi. Akakianika, kibanio kikamponyoka mara mbili.

Maalim akasoma chake amesimama: "Nilizuia ujumbe nikasahau kufungulia, mara mbili. Naona tabu kuwaambia wa bandarini ngojeni." Akakaa. Tahiya hakusema pole Maalim, wala hakusema si kitu. Nilimwona amebana midomo asiseme. Aliuliza lile la masharti yao, nini, siyo nani. Nini kinawafanya makarani wampigie Maalim?

Wakakaa nalo. Kumbe wanampigia yeye kwa sababu wengine hawapokei. Suhail akipigiwa na bandarini anaigeuza simu kifudifudi, akakiri. Tahiya mwenyewe huwaambia waandike barua pepe. Mwisho hawakuamua mambo kumi, waliamua moja tu: simu moja ya bandarini, inakaa mezani kwa zamu, na hakuna anayeigusa programu inayofanya kazi bila mwenzake kukaa pembeni akiangalia. Hata awe Maalim. Hata awe Tahiya. Wakaandika zamu ya kwanza ni ya Suhail, akalalamika.

Mizigo ya Idi ikaja, mpaka ghala likajaa hadi mlangoni. Simu ililia, Suhail akaipokea kwa uso uliokunjana. Ujumbe ulitoka. Bwana Haroub hakupiga simu kusifu, lakini kazi hakuichukua.

Kabla ya mfungo kuisha Tahiya na Maalim walikwenda Mangapwani kumwambia yule mama ukweli, kwamba halikuwa umeme wala mtandao. Aliwapokea, akawaweka ukumbini, akasema nshasamehe. Sanduku lilikuwa pale pembeni, Tahiya aliniambia, kamba yake ya Dar haijafunguliwa.

Sasa mnajua wanafanya nini juu kwangu. Kikaratasi cha Maalim bado kimeanikwa. Nilimwambia Tahiya akitoe, watu wanapita, si vizuri. Akasema Maalim mwenyewe kataka kikae mpaka kikao kijacho. Nikamwendea Maalim kumwomba idhini ya kuandika haya. Akasema, "Andika. Lakini usiandike umeme."

Hivi ninavyoandika ni asubuhi, nshafagia ukumbi. Nikipita chini ya ile kamba mkono unanipanda wenyewe kukishusha, nikifiche kwenye mtandio. Mara mbili nshakishika kibanio. Nimekiacha. Mkija kwangu mtakiona, upande wa dirisha. Someni kimya kimya.